Kumaliza Deni Mezani: Mwongozo kwa Mdaiwa wa Tabora

Malipo ya tumbaku yanapoanza kuingia, Urambo, Kaliua na Sikonge hupokea wageni wa aina mbili. Wapo wanaoifuata pesa ya mkulima kwa bidhaa: mabati, pikipiki, vitenge. Wapo wanaoifuata kwa daftari. Mjini Tabora kalenda ni nyingine, mwisho wa mwezi mwalimu na muuguzi wanapopata mshahara, au siku ya marejesho ya kikundi, lakini mgeni ni yuleyule: kijana mwenye faili kwapani, au sauti kwenye simu inayotaja jina kamili la mdaiwa, kiasi kisicho na mchanganuo, na saa ya mwisho ya kulipa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayedaiwa kweli, anayetaka kulipa, na asiyeweza kulipa chote kinachotajwa. Huyo anashauriwa jambo moja kubwa: pesa yake itoke pale tu inapofunga deni au sehemu ya deni inayojulikana. Elfu kumi ya kumtuliza mgeni, elfu ishirini ya kumwondoa mlangoni, nyingine ya "nauli ya ofisa", zote zikitoka bila karatasi zinaweza kufika laki kadhaa na salio likabaki palepale.

Mji uliokua kwa mkopo

Kudaiwa si jambo geni Tabora. Katika karne ya 19, Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilipokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilizobebwa na wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa zilikuwa mali ya mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja walitoa bidhaa, mfanyabiashara akazipeleka bara, na malipo yakasubiri pembe za ndovu zishuke pwani. Mfanyabiashara maarufu wa misafara, Tippu Tip mwenyewe, ambaye baba yake aliishi karibu na Tabora, alisafiri kwa mali ya kukopa, na Taria Topan wa Unguja akawa mfadhili wake mkubwa.

Mwanahistoria Thomas McDow, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018 kuhusu madeni na safari kati ya Omani, Unguja na bara, anaonyesha kwamba wakopaji wa njia hiyo walikuwa wakinunua muda. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora peke yake ilikula miezi. Waliokwama hawakuweza kurudi pwani bila kukutana na wadai wao, na wengine walizeekea bara. Deni la umbali ule lilitegemea waraka, mashahidi na makubaliano mapya pale ya zamani yaliposhindikana. Vitu hivyo vitatu bado ndivyo vinavyomwokoa mdaiwa leo.

Jua anayekudai ni nani

Kabla ya kuzungumzia pesa, mdaiwa aulize swali moja: wewe ni nani katika deni hili? Majibu yanaweza kuwa manne, na kila moja lina uzito wake.

Wa kwanza ni ofisa wa mkopeshaji mwenyewe. Huyu ana mamlaka ya kupunguza faini au kupanga upya marejesho, au yuko hatua moja tu na mwenye mamlaka hayo. Wa pili ni kampuni ya kukusanya madeni. Huyu ni wakala, na kwa kawaida hulipwa kamisheni kutokana na anachokusanya. Aonyeshe barua ya mkopeshaji inayomtambulisha kwa deni hilo hasa. Wa tatu ni dalali wa mahakama. Huyo haji kwa maneno, anakuja na amri iliyotolewa baada ya kesi, na amri hiyo mdaiwa ana haki ya kuisoma na kwenda kuithibitisha katika mahakama iliyoitoa. Wa nne ni askari polisi, ambaye wakati mwingine huletwa ili kutia hofu. Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai. Linageuka jinai pale penye udanganyifu, kwa mfano mtu aliyekopa kwa hati za kughushi. Hata kifungo cha madai, ambacho kipo kwenye sheria za Tanzania, hupitia mahakamani baada ya hukumu.

Mkopeshaji naye atazamwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hizo katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wa mtu mmoja mmoja na wa kwenye simu, wako daraja la pili na wanapaswa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) viko daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii kama VICOBA viko daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Mdaiwa anayekuta jina la mkopeshaji wake kwenye orodha ya namna hiyo asidhani deni limefutika, maana pesa aliipokea. Ila anakaa mezani akiwa na nguvu nyingine kabisa.

Piga hesabu upya

Kiasi anachotaja mkusanya madeni ni dai, na dai hukaguliwa. Mdaiwa aombe kwa maandishi taarifa ya mkopo inayotenganisha mambo manne: mtaji, riba, faini na gharama za ukusanyaji. Kisha atoe meseji zake za malipo ya simu na risiti za benki, azipange kwa tarehe, alinganishe mstari kwa mstari.

Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ambayo mtaani inaitwa kausha damu huuvuka mara nyingi. Tuchukue mfano. Mama anayeuza asali na mchele alikopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Amelipa 300,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, jumla 900,000, halafu anaambiwa hiyo yote ilikuwa riba, mtaji bado milioni moja, na faini ya kuchelewa ni 300,000. Anadaiwa 1,300,000.

Kwa ukomo wa asilimia 3.5, hata riba ikipigwa juu ya mtaji wote bila kupungua, mwezi mmoja ni 35,000 na miezi mitatu ni 105,000. Ukitoa hiyo kwenye 900,000 alizolipa, 795,000 zilipaswa kupunguza mtaji. Salio ni 205,000. Tofauti ya zaidi ya milioni moja kati ya hesabu hizi mbili ndiyo inayojadiliwa mezani, na anayeijua anazungumza kwa utulivu.

Umri wa deni nao ni muhimu. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, madai yanayotokana na mkataba yanapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Hapa kuna tahadhari ambayo wengi hawaijui: malipo ya sehemu, au maandishi yaliyosainiwa ya kulikiri deni, yanaweza kuanzisha upya hesabu ya muda huo. Anayefuatwa kwa mkopo wa zamani asitume hata elfu tano ya "kuonyesha nia njema", wala asisaini fomu ya kukiri deni, kabla ya kujua tarehe ya mwisho aliyolipa na kupata ushauri.

Jua unachoweza, mpaka shilingi ya mwisho

Mapatano mengi huvunjika mwezi wa pili kwa sababu mdaiwa aliahidi kwa aibu. Alitaja kiasi cha kumridhisha aliyekaa mbele yake, akasahau ada ya shule na pango.

Kabla ya kukutana, andika mapato halisi ya miezi mitatu iliyopita na matumizi yasiyoepukika. Kinachobaki ndicho cha kulipia deni, na si chote, kwani ugonjwa hauombi ruhusa. Anayeishi kwa kilimo apange tarehe zake kwa msimu: mkulima wa tumbaku au alizeti akikubali marejesho ya kila wiki Januari, wakati pesa yote iko shambani, amejifunga kamba shingoni. Aseme wazi kwamba pesa yake huja baada ya mauzo, na aoneshe karatasi za mauzo ya msimu uliopita.

Halafu aamue namba mbili: ofa atakayoanza nayo na kiwango ambacho hatakivuka. Namba ya pili iandikwe na ibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika. Pesa ya mkupuo mmoja, hata ikiwa ndogo, hupata punguzo kubwa kuliko ahadi ya miezi kumi. Ndugu wakikubali kuchanga, wachange kwa ajili ya mkupuo huo, na wachange baada ya mapatano kuandikwa.

Mdaiwa asidhani kuomba punguzo ni kuomba sadaka. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu anayedai kusamehe deni lote au sehemu yake, kuongeza muda, au kupokea kitu kingine badala ya alichoahidiwa. Mkopeshaji aliyekwisha kulipeleka deni kwa wakala anajua kwamba kila mwezi unaopita unampunguzia nafasi ya kulipwa, na kwamba kesi ina gharama zake. Wakala naye, kama wengi wenzake, ana malengo ya mwezi. Ofa ya kweli yenye tarehe ya karibu ina thamani kwa wote wawili.

Namna ya kuongea

Simu ya kwanza isiwe ya kupatana. Iwe ya kuomba karatasi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama. Napiga kuhusu mkopo wako, inatakiwa milioni moja na laki tatu leo kabla ya saa kumi."

"Marahaba mwanangu. Nimekusikia. Naomba barua ya mkopeshaji inayoonyesha amewakabidhi deni langu, na taarifa ya malipo yangu yote."

"Mama, bosi hataki karatasi, anataka pesa."

"Leo saa kumi sina pesa, na sitaki kukudanganya. Karatasi zikinifikia Jumatano, Alhamisi asubuhi nakupa ofa yangu kwa maandishi."

Mama huyo hajakana deni, hajakiri kiasi, hajaahidi pesa asiyo nayo, na ametaja siku. Alhamisi ikifika ni lazima ajibu kweli, kwa kuwa uaminifu wa siku ndio unaompa uzito. Anapoandika ofa, juu ya barua aweke maneno "bila kuathiri haki za upande wowote", kisha aeleze hesabu yake kwa kifupi: alichokopa, alicholipa, ukomo wa riba, salio analolitambua, na kiasi anachoweza kutoa na lini. Kama ni yule wa mfano wetu, aandike kwamba yuko tayari kulipa 150,000 kwa mkupuo ndani ya siku saba kumaliza deni lote. Wakala akija na 400,000, arudi kwenye hesabu. Wakikutana kwenye 205,000 kwa awamu mbili, amefika.

Katika kikao aende na mtu mmoja mtulivu: mume, mke, dada, au mzee wa mtaa. Huyo kazi yake ni kusikiliza na kuandika. Kikao kifanyike ofisini kwa kampuni au kwa mtendaji wa mtaa, mchana. Sauti zikipanda, aombe kuahirisha. Hakuna ofa nzuri inayokufa kwa kulala usiku mmoja, hata ikielezwa kwamba inaisha leo.

Karatasi kwanza, pesa baadaye

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyoko Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na Waislamu wengi wa Tabora wanaijua. Desturi hiyo ifuatwe mpaka mwisho wa deni. Hati ya mapatano iwe na:

• majina kamili ya mkopeshaji, wakala na mdaiwa, na namba ya mkopo;
• kiasi kilichokubaliwa kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe za kulipa;
• sentensi inayosema wazi kwamba kiasi hicho kikilipwa, deni lote, pamoja na riba na faini, limekwisha na halitadaiwa tena na mkopeshaji wala wakala mwingine;
• namba ya akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni;
• dhamana zitakazorudishwa na siku ya kurudishwa;
• nini kitatokea awamu moja ikichelewa, na siku za nyongeza kabla mapatano hayajavunjika;
• saini ya mtu mwenye mamlaka upande wa mkopeshaji, muhuri, na saini za mashahidi.

Kipengele cha tatu ndicho roho ya hati. Bila hicho, 205,000 zitaandikwa kama malipo ya sehemu.

Malipo yasiende kamwe kwenye namba binafsi ya ofisa, hata akiwa mcheshi na mwenye haraka. Meseji ya malipo ipigwe picha na ichapwe, maana simu huibiwa. Baada ya awamu ya mwisho, idaiwe barua ya kumaliza deni pamoja na dhamana zote: kadi ya pikipiki, hati ya kiwanja, hundi zilizosainiwa wazi. Watumishi na wastaafu waliochukuliwa kadi za benki wakatoa na namba ya siri wasisubiri hata mapatano. Waende benki leo, wafunge kadi hiyo na kupata nyingine.

Wadhamini, wenza na vyama

Mdhamini ahusishwe tangu mwanzo, na jina lake lionekane kwenye hati kwamba naye amefunguliwa. Vinginevyo mdaiwa anaweza kupumua huku jirani aliyemsainia akianza kupigiwa simu.

Nyumba ya familia ikiwekwa rehani, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza. Kama haikuwepo, hilo lisemwe mapema na kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inampa aliyeweka rehani notisi ya siku 60 baada ya kushindwa kulipa, na Sheria ya Madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kabla ya mnada wa ardhi. Siku hizo ni za kupatana, na anayezipoteza kwa kujificha huikuta nyumba mikononi mwa mnunuzi.

Deni la pembejeo kupitia chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) lina njia yake. Mbolea huletwa kwa mkopo wa chama, na makato hufanyika tumbaku inapouzwa, kwa bei inayopangwa kwa dola ya Marekani. Mwanachama anayeambiwa bado anadaiwa aombe leja yake, stakabadhi za mizani na karatasi ya makato, kisha alinganishe mifuko aliyopokea na aliyoandikiwa. Pasipoeleweka, apeleke hoja kwenye mkutano mkuu wa chama na kwa Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika mkoani. Mapatano ya mwanachama mmoja na mkusanya madeni wa nje, pembeni ya chama, yanaweza kumwacha akilipa mara mbili.

Vitisho vikianza

Mkusanya madeni ana haki ya kupiga simu, kuandika na kutembelea. Hana haki ya kuvunja mlango, kutukana, kubandika picha ya mdaiwa, wala kuwatumia shemeji na waajiri ujumbe wa kumwaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Nchini Kenya, mwaka huohuo wa 2023, kampuni moja ya mikopo ya simu ilipigwa faini ya shilingi milioni 5 za Kenya baada ya watu kulalamikia simu na ujumbe wa mikopo wasiouridhia.

Hata mahakama ikishaamua, si kila kitu kinakamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya familia, na zana za fundi. Anayebeba godoro la watoto bila amri yoyote ya mahakama anapaswa kutolewa taarifa kwa mtendaji na kituo cha polisi siku hiyohiyo.

Malalamiko kuhusu benki au mkopeshaji wa daraja la pili yaanze kwa barua kwa mkopeshaji mwenyewe, nakala ibaki. Yasipojibiwa, yaende Benki Kuu. Tabora haina tawi la Benki Kuu, lakini Dodoma na Mwanza yapo, na miji yote miwili iko kwenye Reli ya Kati. Msaada wa kisheria wa bure umewekewa utaratibu na sheria ya mwaka 2017, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mwananchi kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Baada ya kulipa

Mwezi mmoja baada ya barua ya kumaliza deni, mdaiwa aliyekopa benki au kwa mkopeshaji mwenye leseni aombe taarifa yake ya mikopo kutoka kampuni za kumbukumbu za wakopaji, Creditinfo au Dun & Bradstreet. Deni likionekana bado liko wazi, apeleke nakala ya barua na kudai lirekebishwe kwa maandishi. Hati ya mapatano, risiti na barua hiyo viwekwe kwenye bahasha moja, nakala moja kwa mwenza au mtoto mkubwa, na vitunzwe kwa zaidi ya miaka 6. Wakala mwingine akipiga simu kuhusu mkopo uleule, atumiwe picha ya barua hiyo na aombwe athibitishe kwa maandishi kwamba amefunga faili.